Ukili wa Chuma Kichwani mwa Dada

*Mimi ni mvuvi wa Msimbati, nina miaka 44. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 38, alianguka na bodaboda mwezi wa tatu, akapelekwa Mtwara mjini kupigwa picha ya kichwa. Majeraha hayakuwa makubwa, ila wakaona kitu kingine, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Huko tukaambiwa ana mshipa umevimba kama puto ndani ya ubongo, milimita 5, kwenye mshipa mdogo wa mbele ambao wenyewe upana wake ni milimita 2. Bado haujapasuka. Daktari alitaja njia tatu: kusubiri na kuangalia, kufungua fuvu na kubana kwa klipu, au kupitisha kimrija cha wavu wa chuma ndani ya mshipa. Hicho kimrija cha mishipa midogo alisema hakikai stoo, kinaagizwa.*

*Mjomba anasema kichwa cha mtu hakipasuliwi wala hakitiwi chuma, hayo ni mambo ya mashetani na yana wenyewe. Mimi niko tayari kuuza mikorosho yote aliyotuachia mama, na mashine ya boti juu yake. Mama alitutoka ghafla: alirudi kutoka shambani ameshika kichwa, jioni hatunaye. Sitaki kuyaona tena yale. Mdogo wangu hasemi kitu, kutwa anasuka ukili tu. Silali. Niuze?*

Pole, mwanangu, kwa usiku unaoupitia, na pole kwa mama, hata kama miaka imepita. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye sentensi moja uliyoipitia haraka, ile ya mama kurudi kutoka shambani ameshika kichwa. Nitairudia, kwa sababu huenda ni sentensi nzito kuliko zote ulizoandika.

Kwanza jibu la swali lako: usiuze bado. Sisemi mdogo wako asitibiwe. Nasema umefika kwenye bei kabla hujafika kwenye uamuzi, na uamuzi wenyewe si wako, wala si wa mjomba.

Tuanze na hicho kimrija, maana naona kinakutisha na kukuvuta kwa pamoja. Mdogo wako anasuka ukili. Basi yeye atakielewa upesi kuliko mimi na wewe. Mwambie afikirie ukili usiosukwa bapa kwa ajili ya mkeka, bali unaosukwa mviringo, ukawa bomba. Kifaa kilichotangulia kupata umaarufu katika kazi hii, kinachoitwa Pipeline, kimesukwa hivyo kwa nyuzi 48 za chuma, nyembamba kuliko unywele. Ukilivuta bomba la namna hiyo linarefuka, linakonda, na matundu yake yanapanuka. Ukilisukuma linafupika, linanenepa, na matundu yanabana. Daktari anafanya kazi na tabia hiyohiyo. Anaingia kwa mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, anapanda na katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kichwani akiangalia kwenye skrini, kisha anauachia ukili ule ufunguke ndani ya mshipa, ukipita mbele ya mdomo wa puto. Hauingii ndani ya puto. Fuvu halifunguliwi na nywele hazinyolewi. Hilo mwambie mjomba mapema, huenda likamshusha pumzi.

Sasa wavu unawezaje kutibu puto bila kuligusa? Wewe unavua kwenye mdomo wa mto Ruvuma, umeliona hili kwa macho yako. Kwenye mikoko maji huingia pembeni, yakajizungusha kwenye kidimbwi, yakatoka. Siku mchanga ukiziba nusu ya mlango wa kidimbwi, maji ya mto yanapita moja kwa moja na yale ya ndani yanalala. Tope linatua, na baada ya misimu kadhaa unatembea kwa miguu pale ulipokuwa unapitisha mtumbwi. Ukili wa chuma ndio mchanga wa mlangoni. Damu inaelekezwa ipite njia yake, ile iliyobaki ndani ya puto inatulia, inaganda, na utando wa ndani wa mshipa unaota juu ya wavu hadi mlango unafungika. Kama kidimbwi, puto halifungiki siku hiyohiyo. Inachukua miezi, mara nyingi sita hadi kumi na miwili, na katika miezi hiyo puto bado lipo.

Vimrija hivi vilianza kwenye mishipa mikubwa. Marekani waliiruhusu Pipeline mwaka 2011 kwa maputo makubwa ya mshipa mkuu wa shingo unapoingia kichwani, na mwaka 2019 wakaongeza yale madogo na ya wastani, lakini bado kwenye mshipa huohuo mkuu. Mishipa ya mbali kama wa mdogo wako ilibaki nje ya kibali kile. Vimesukwa vingine vidogo zaidi kwa ajili yake. Kimojawapo, Silk Vista Baby cha kampuni ya Balt ya Ufaransa, kinapita ndani ya katheta ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ila kwenye mshipa wa milimita 2 kila kosa linakuwa kubwa. Waya ukikwaruza, ukuta ni mwembamba. Damu ikiganda kidogo tu, njia yote imeziba. Na vijishipa vya pembeni vinavyochipuka pale wavu unapopita navyo vinaweza kukosa damu. Madaktari wenyewe wanakiri kwamba matatizo huongezeka kadiri unavyoingia kwenye mishipa midogo.

Nikupe namba, maana hofu isiyo na kipimo ndiyo inayokunyima usingizi. Wajapani waliwafuatilia watu 5,720 wenye maputo yasiyopasuka na kutoa matokeo mwaka 2012. Kwa maputo ya milimita 5 hadi 6, yaliyopasuka kwa mwaka yalikuwa kama 5 kati ya 1,000. Upande wa pili, utafiti mmoja wa Pipeline kwenye maputo yasiyozidi milimita 12 uliwapima wagonjwa 141. Baada ya mwaka, puto lilikuwa limefungika kabisa kwa karibu 77 kati ya kila 100, na karibu 2 kati ya 100 walipata kiharusi kikubwa au kufa. Na hao wengi wao walitibiwa kwenye mishipa mikubwa kuliko wa mdogo wako.

Weka hesabu hizo mbili kwenye mizani na utaona kwa nini daktari alitaja kusubiri kwanza. Hatari ya tiba inakuja yote kwa wakati mmoja, hatari ya puto inakuja kidogokidogo kila mwaka. Kwa mzee wa miaka 75 ningesema tulia. Mdogo wako ana miaka 38. Hatari ya 5 kwa 1,000, ikibaki vilevile kwa miaka 30, inafika karibu 14 kwa 100. Tena maputo ya mshipa ule wa mbele yanajulikana kwa tabia ya kupasuka yakiwa bado madogo. Kwa hiyo sikuambii kwamba kusubiri ndiyo salama. Nakuambia kwamba hakuna moto unaowaka leo usiku, na mna muda wa kuuliza vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kirefu. Vidonge.

Chuma kikikaa kwenye damu, damu inataka kugandia hapo. Mpaka utando uote juu yake, mtu anapaswa kumeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda: aspirini na klopidogreli. Anaanza kabla ya siku ya kuwekewa, anaendelea na zote mbili kwa miezi, mara nyingi mitatu hadi sita au zaidi, kisha aspirini peke yake kwa muda mrefu, wengine maisha. Kila siku, hata siku ya mfungo, ya msiba au ya mavuno. Kwenye mshipa wa milimita 2 akiacha wiki moja tu, wavu unaweza kuziba, na mshipa ule wa mbele ndio unaolisha sehemu ya ubongo inayouamrisha mguu. Anaamka asubuhi, mguu haumtii.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Kuna mama mmoja aliyewekewa stenti ya moyo, yaani kimrija cha wavu kwenye mshipa wa moyo, mimi ndiye niliyemruhusu kutoka wodini. Nilimpa pakiti zake, nikamwambia, "Mama, dawa hizi usiache," akajibu ndiyo, nikadhani kazi yangu imeisha. Wiki ya sita alirudi ameshika kifua, jasho linamtiririka. Tulimuwahi. Nilipomuuliza dawa, alifungua pindo la khanga akanionyesha vidonge vinne vilivyobaki. Hakuwa ameacha. Alikuwa anagawana na mumewe, yeye leo, mzee kesho, kwa sababu mzee naye ana presha na dawa za hospitali ni dawa. Sikuwa nimemweleza kidonge kile kinafanya nini. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu "usiache" nikaishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu bei ya kimrija, hesabu hii. Klopidogreli mtaipata wapi? Duka la dawa muhimu la kijijini kwa kawaida haliweki, ni ya famasi za mjini. Nauli ya Msimbati hadi Mtwara kila mwezi, mara miezi yote hiyo, kwenye ile barabara ya mchanga. Mvua je? Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, na mabasi na malori yakakaa upande huu na upande ule. Mgonjwa wa stenti anayeishi kwenu inafaa awe na akiba ya miezi miwili ndani ya nyumba, kwenye kopo lisiloingia maji, kabla hajapanda kitandani kwa daktari.

Na kuna mitego midogo. Vidonge hivi vikiunguza tumbo, mtu hukimbilia omeprazoli, ipo kila duka. Omeprazoli inaipunguza nguvu klopidogreli, basi aombe daktari ampe nyingine. Mgongo ukiuma baada ya kuinama kwenye mkeka, asipewe diklofenaki kienyeji, anaweza kuvuja damu tumboni. Akitaka kung'oa jino aseme kwanza. Hedhi yake inaweza kuwa nzito kuliko kawaida, na hilo kwa kaka hatalisema, basi umtafute shangazi au rafiki yake amuulize. Kama bado ana nia ya kuzaa, daktari aambiwe sasa. Pia kuna watu ambao miili yao haiigeuzi klopidogreli vizuri ikafanya kazi. Muulizeni daktari kama atampima, na kama atabadilishiwa dawa ikionekana haimshiki.

Ndiyo maana sitaki umpuuze daktari alipotaja klipu. Najua kufungua fuvu kunatisha kuliko waya wa pajani. Lakini klipu ni kazi ya tangu mwaka 1937, Walter Dandy alipoifanya kwa mara ya kwanza Baltimore, na puto la mshipa wa mbele linafikika kwa njia hiyo. Likishabanwa vizuri, limefungwa siku hiyohiyo. Hakuna miezi ya klopidogreli, wala hofu ya barabara kukatika. Ipo pia njia ya kulijaza puto kwa koili, yaani nyuzi za platini zilizojikunja, kupitia katheta, kama shingo yake ni nyembamba, mara nyingine bila stenti yoyote. Ulizeni kwa nini haikutajwa. Mimi, kwa mgonjwa anayeishi mbali na famasi, ningeisikiliza klipu kwa masikio mawili. Kifaa kipya kinavutia, hasa kikiwa kinaagizwa kutoka mbali, na ndugu mwenye uchungu anaona kilicho ghali ndicho chenye mapenzi zaidi. Sivyo hivyo kila mara.

Kazi hizi za mishipa ya ubongo ni za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Jina ni la mifupa lakini ubongo na uti wa mgongo ni wao pia. Mkirudi Dar, msiulize bei peke yake. Muulizeni daktari atakayeshika waya amefanya ngapi kwenye mishipa midogo namna hii, na kama kutakuwa na mtaalamu mwingine pembeni yake. Daktari mzuri hakasirikii swali hilo. Muulizeni kati ya hizo njia, angekuwa ni mdogo wake, angechagua ipi na kwa nini. Muulizeni picha za marudio ni baada ya miezi mingapi, zinapigiwa wapi, kwa gharama gani, kwa sababu kimrija kisichopigwa picha tena ni kazi iliyoachwa nusu. Na kabla hujamtafuta mnunuzi wa mikorosho, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali na umweleze hali yenu ilivyo. Ofisi ile ipo kwa ajili ya watu kama ninyi, na si aibu kuingia. Mikorosho inazaa kila mwaka. Ukiiuza, hizo pesa za vidonge vya mwezi wa nne na wa tano zitatoka wapi?

Sasa mama yenu. Sina njia ya kujua kilichomchukua, na wewe pia huna. Lakini mtu mzima anayerudi kutoka shambani ameshika kichwa na kufariki jioni, huenda alikuwa na puto lililopasuka. Mlimwambia daktari wa Dar? Kama hamkumwambia, pigeni simu au mwende nalo mkirudi, liwe la kwanza kusemwa. Puto kwa ndugu wa damu linabadilisha hesabu ya mdogo wako, linapunguza uzito wa kusubiri. Na linakugusa wewe. Wawili katika familia, mama na mtoto, ni sababu tosha ya daktari kufikiria kukupiga picha wewe pia. Hukuniambia kama unavuta sigara. Kama unavuta, acha. Sigara na presha ndivyo vinavyoyalisha maputo haya. Nendeni wote wawili mkapime presha wiki hii, zahanati inatosha. Ikiwa juu, dawa ya presha ndiyo hatua ya kwanza, ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja, na inahitajika hata mkichagua kusubiri. Punguzeni ng'onda na papa wa chumvi, najua nawaambia watu wa pwani.

Mjomba msimpige vita. Kwenu mjomba ana sauti na sauti hiyo inaweza kusaidia. Kama anataka kusoma dua, asome, dua haigombani na kidonge. Ninachomwomba kama mkubwa mwenzake ni mambo mawili. Mdogo wako asinyweshwe mizizi wala dawa yoyote ya kienyeji akiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Na siku yoyote kichwa kikimpasuka ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, na kutapika, shingo kukakamaa, kope la jicho moja kuanguka au kuzimia, basi hakuna kikao cha ukoo. Ni gari na hospitali, saa hiyohiyo, na mjomba ndiye awe wa kwanza kutafuta gari. Mpe kazi hiyo. Wazee wakipewa kazi huacha kuzuia.

Na huyu anayesuka. Katika barua yako nzima mjomba amesema, daktari amesema, wewe umesema. Yeye amesuka. Umeuona ukimya wake kama hofu, na huenda ni hofu, lakini huenda pia anasubiri mtu amuulize. Puto liko kichwani mwake, na mikorosho ile mama aliiacha kwenu wote wawili, kwa hiyo hata kuiuza kunahitaji neno lake.

Jioni moja kaa naye barazani. Usianze na hospitali. Muombe akusukie ukili mviringo, mdogo, unene wa kidole. Ukishaushika mkononi, mweleze nilichokuandikia: kuvuta na kusukuma, kidimbwi cha mikoko, vidonge, klipu. Mweleze na habari ya mama. Kisha muulize yeye angependa nini, na ukae kimya hata kama atachukua muda mrefu kujibu. Akisema anaogopa vidonge, andika. Akisema anaogopa kisu, andika. Akisema hataki kutibiwa mwaka huu, andika hilo pia, na mlipeleke kwa daktari kama lilivyo. Halafu niandikie tena, ila safari hii barua aianze yeye.